Jina la Dada Katika Daftari la Walimu

Siku dada yangu alipokaguliwa ili apewe cheti cha ualimu, tulikuwepo watu hawa. Alikuwepo yeye mwenyewe, dada yangu, ambaye kwa kuzaliwa ni mtoto wa mama yangu mkubwa, lakini sisi hatukujua kuitana vyengine. Alikuwepo bibi yetu, mzaa mama zetu wawili. Nilikuwepo mimi, nina miaka kumi na sita au karibu na hapo. Alikuwepo mkaguzi wa skuli za wanawake, Mzungu, mwanamke mrefu aliyevua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Alikuwepo mwalimu wa mafunzo, mwanamke jirani yetu wa Mji Mkongwe, mlango wake na wetu ikitazamana katika kichochoro kimoja, na ndiye aliyemfundisha dada kazi ile na ndiye aliyemshawishi mjomba wetu amwachie asome. Walikuwepo watoto wa kike kumi na tisa wa kijiji kile, wanafunzi wa dada. Na nje, barazani, alikuwepo Mwalimu Mkuu wa skuli, ambaye hakuweza kuingia ndani kwa sababu nitakayoieleza.

Majina yao wote nnayo, hata ya wale watoto, kwa jinsi walivyokaa mkekani kutoka mlangoni mpaka kisimani. Sitayaandika. Wengi wana watoto na wajukuu wanaotembea na majina hayo hayo, na jambo lenyewe si la kumpa mtu sifa.

Kazi ya kufundisha watoto wadogo, kwa mwanamke wa wakati ule, miaka ya hamsini, ilikuwa na ngazi zake. Kwanza umalize darasa la nane, na wengi hatukufika huko. Mimi nilitolewa darasa la tatu, mama alipojifungua mapacha na nyumba ikataka mtu. Ukishamaliza la nane, ukae miaka miwili katika darasa la walimu pale mjini, ujifunze kuandika ubaoni bila ya mstari kupanda wala kushuka, ujifunze kuandaa somo, na uwafundishe watoto huku mwalimu wako amekaa nyuma yao na kalamu. Miwili hiyo ikisha, hujawa mwalimu bado. Unapelekwa shamba mwaka mzima wa kujaribiwa. Mwisho wa mwaka anakuja mkaguzi, anatazama somo moja tangu mwanzo hata mwisho, kisha anatazama madaftari. Akiridhika, unapewa cheti. Asiporidhika, miaka yote ile ni kama hukwenda.

Na mtoto wa kike hakupelekwa shamba peke yake. Lazima awe na mtu wake, mama au bibi, au mume. Dada alikuwa na mume, na mumewe naye alikuwa mwalimu. Kwa hivyo wakapelekwa wote wawili kijiji kimoja cha kusini, upande wa Makunduchi, kwenye skuli ya wanaume iliyokuwa ndiyo kwanza imeongezewa darasa moja la wanawake. Darasa lile lilikuwa la kutazamia tu. Watoto wakija, litabaki. Wasipokuja, litafungwa.

Dada aliwatafuta watoto wale nyumba kwa nyumba. Mumewe akimngoja njiani, yeye akiingia uani kwa wanawake. Wanawake wa kule walikuwa na kazi ya makumbi ya nazi. Wanayafukia pwani yakaoza, wanayafukua, wanayaponda, wanasokota kamba, na kila mtoto wa kike ana fungu lake la kuponda. Walimuuliza nani atayaponda makumbi yao watoto wakikaa skuli, yeye? Dada akawajibu kwamba siku za maji kupwa sana darasa litaanza baada ya watu kurudi pwani, na kwamba kuponda atakuja kufundishwa. Wakamcheka. Alikwenda kweli, akaponda mpaka viganja vikachubuka, na ndipo walipoanza kumpa watoto. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, alikuwa keshaposwa. Dada alimwomba baba yake amwache amalize mwaka. Baba akakubali mwaka mmoja tu.

Haya yote nilihadithiwa. Mimi na bibi tulikwenda kule baadaye, kwa sababu ya msiba.

Mumewe alishikwa na kichomi. Siku ya kwanza walidhani ni homa ya mvua. Siku ya pili alikuwa hawezi kulala chali. Gari la kwenda mjini lilikuwa likitoka alfajiri tu, na siku ya tatu, walipombeba mpaka njiani, gari lilikuwa limeshapita. Alikufa kabla ya adhuhuri, juu ya kitanda cha kamba, chini ya ukuta wa duka. Akazikwa kule kule.

Tulipofika, dada alikuwa ameshavishwa nguo nyeupe na amekalishwa chumba cha ndani. Amekuwa kizuka, yaani mjane aliye edani. Wasiojua nawaeleza: eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Kwetu sisi, kizuka hatoki nje, hajitii manukato, haonani na wanaume wala hasemi nao. Na mwaka wake wa kujaribiwa ulikuwa umebakisha miezi minne.

Nyumba waliyopewa ilikuwa imegusana na skuli. Ukuta wa ua wetu ndio uliokuwa ukuta wa nyuma wa darasa lake. Akikaa chumbani mwake alikuwa akisikia dawati likiburutwa.

Baada ya khitma, wanaume wa mjini walipoondoka, Mwalimu Mkuu alikuja kukaa barazani kuzungumza na bibi. Bibi alikaa nyuma ya mlango uliorudishwa. Dada alikuwa chumba cha ndani, na mimi nikasimama ukumbini, baina yao, kwa sababu neno la kizuka lilikuwa halifiki kwa mwanamume ila kwa kupita kwa watu.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwema. Nnalisema hili mapema. Alisema kwamba akiwaandikia wakubwa kuwa darasa la wanawake halina mwalimu, watalifunga wiki ile ile, na watoto wale wakishatoka hawarudi. Amekaa kijiji kile miaka mingi, anawajua wazee wao. Kisha akasema amesikia kuna mtoto wa kike amekuja na bibi, anajua kusoma na kuandika. Huyo akae na watoto, mwenyewe amwelekeze kutoka ndani.

"Na lile daftari la walimu la kila asubuhi," akasema, "liandikwe jina la mwenyewe. Mimi sitouliza ameandika nani."

Daftari hilo kila mwalimu alikuwa akiandika jina lake na saa aliyofika. Ndilo walilotazama wakubwa kujua mtu ametimiza mwaka wake au la.

Dada aliniita kwa ishara ya mkono. Nikainama. Akaniambia, "Mwambie bibi amwambie, hilo si kweli. Mimi nnataka kuandika barua, nieleze niko edani, niombe wanisogezee mbele."

Nikaenda nikamwambia bibi sikioni, neno kwa neno. Bibi akatikisa kichwa. Kwake yeye jina la kizuka kupita mikononi mwa makarani, likasomwa na wanaume wasiomjua, ilikuwa ni sawa na kumtoa nje kichwa wazi. Akasogea kwenye mlango.

"Anasema ahsante, Maalim," akasema bibi. "Anasema Mungu akulipe."

Dada alisikia. Sote tulisikia. Mwalimu Mkuu akaitikia, akaaga. Niliporudi chumbani dada alikuwa amegeukia ukuta, na hakunituma tena.

Kwa nini hakuiandika barua ile kwa siri, nimejiuliza sana. Mimi ningempelekea. Lakini mumewe alikuwa na siku saba kaburini, na bibi ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufa. Sidhani alikuwa na nguvu ya kugombana na mtu.

Basi nikawa mwalimu. Asubuhi nilikuwa nikivaa buibui, nnazunguka ukuta, nnaingia chumba cha walimu, na naandika jina la dada. Siku za mwanzo nilikuwa nikiliandika polepole kama mtu anayedarizi. Herufi zangu zilikuwa za duara, za mtoto wa darasa la tatu. Zake yeye zilikuwa zimelala upande wa kulia, nyembamba. Hilo sikulitia akilini. Baada ya mwezi nilikuwa naliandika jina lake vizuri kuliko langu.

Alasiri ndipo nilipokuwa nafundishwa. Dada alikuwa akikaa juu ya mkeka na mimi mbele yake, na lile somo la kesho tulikuwa tukilipitia lote, yeye akiwa mimi na mimi nikiwa watoto, kisha tunabadilishana. Alinifundisha nisianze na hesabu, nianze na kitu. Alinifundisha nisiwape mgongo watoto nikiandika ubaoni, nisimame kwa upande. Alinifundisha nimjue nani hajala, kwa sababu huyo ukimuuliza atakutazama mdomo tu. Na alikuwa na masikio. Akiniuliza, "Leo mlipofika nane walinyamaza. Kwa nini?" Nikimwambia sijui. "Umekwenda mbio. Kesho rudi kwenye saba."

Sikuwa na kipaji. Watoto walilijua hilo upesi. Yule mkubwa aliyeposwa, mtoto wa maneno, siku moja nilipolisahau somo katikati nikawa nimesimama na chaki, aliniambia, "Wewe si mwalimu, wewe mchukuzi. Leo mzigo umeudondosha wapi?" Darasa zima likacheka. Nilimpiga. Nilimpiga na rula mkononi, na nyuma ya ukuta dada alikuwa akisikia. Jioni ile dada hakunifundisha. Alinipa tu chakula.

Mdogo kuliko wote, mwenye miaka sita, hakunifungulia kinywa hata siku moja. Nilimuuliza kila siku, akiangalia miguu yake. Nikamwandika bubu.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Nyumbani eda aliyoisimamia bibi ilikuwa kali kuliko eda za watu wengi. Dirisha la chumba lilifungwa. Mtoto wa kiume wa jirani, hajafika hata miaka saba, alileta samaki siku moja na bibi akamrudisha kutoka mlangoni. Dada alikonda. Usingizi ulimhama, na asubuhi, kengele ya skuli ikilia, alikuwa akisimama, kisha anakumbuka, anakaa.

Ilipobaki kama wiki mbili eda kwisha, ikaja barua kwamba mkaguzi atafika Jumanne. Mwalimu Mkuu alikuja barazani uso umemwiva. Alikuwa akidhani watachelewa kama kawaida yao, waje eda imeshakwisha. Aliuliza itakuwaje. Safari hii bibi ndiye aliyekuwa mwepesi. Wanaokuja si wanawake? Na wanafunzi si watoto wa kike? Basi waingie ndani, watoto waingie ndani, na somo lisomeshwe uani. Kizuka kuonana na wanawake si haramu.

Nilimtazama dada, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona rangi imemrudi. Neno hilo lingeweza kusemwa siku ya kwanza. Watoto wangeweza kuja ndani siku zote zile, na daftari likaandikwa kweli. Hakuna aliyelifikiria mpaka ulipofika ugeni.

Usiku wa kuamkia Jumanne nilimuuliza dada kuhusu daftari. Alikuwa akifunga njiti za ukuti kumi kumi kwa uzi, kwa ajili ya somo.

"Ntawaambia mwenyewe," akasema. "Ntawaambia yote. Lakini nnataka wanione kwanza."

"Kwa nini usiwaambie wakiingia?"

"Wakishajua, hawatonitazama tena. Watatazama lile jambo."

Walifika saa nne. Watoto waliingizwa uani kwa mlango wa nyuma, wakakaa juu ya mikeka miwili. Dada alipotoka chumbani, na zile nguo nyeupe, wadogo wawili walilia. Walikuwa wameambiwa mwalimu wao yuko nyuma ya ukuta, lakini nadhani hawakuamini, au waliamini kwamba amekufa pamoja na mumewe. Dada hakuwabembeleza. Alikaa chini nao, akamwaga njiti zote mkekani, zikatawanyika, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na nyumba chafu, "Nani atanisaidia kuziokota hizi?"

Wakaanza kuokota. Kilio kikaisha wenyewe hawajui saa ngapi.

Somo lilikuwa kujumlisha nane na tano. Nililijua somo lile, nilikuwa nimeshalifundisha mwenyewe na nikashindwa. Kwake yeye halikuwa somo. Mtoto mmoja ana njiti nane, mwengine ana tano. Mwenye nane anataka kufunga fungu la kumi, amepungukiwa. Amwombe nani? Amwombe ngapi? Mwenye tano akitoa mbili, atabaki na nini? Wakaombana, wakanyimana, wakacheka. Yule mkubwa aliyeposwa alimwambia mwenzake atoe mbili upesi au atamnyang'anya na tatu. Dada akageuka kwa yule mdogo kabisa, hakumuuliza kitu, alimnyooshea fungu la kumi lililofungwa na zile tatu zilizobaki.

"Kumi na tatu," akasema yule mtoto.

Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Sikuwa nimewahi kuisikia. Miezi minne nilikaa naye.

Mkaguzi aliandika katika karatasi yake. Mwalimu wa mafunzo alikuwa akitabasamu waziwazi, alikuwa akitutazama sote kama mtu aliyetuletea zawadi. Watoto walipotolewa, tukaandaa chai ukumbini. Mkaguzi alisema Kiswahili cha pole pole, cha vitabu. Alisema, "Somo hili ni zuri. Ni zuri sana." Kisha akampa dada pole ya msiba.

Dada alishika mkono wake. Nilimwona akivuta pumzi. Nnajua alikuwa anataka kusema. Lakini wakati ule ule Mwalimu Mkuu alibisha, akapitisha madaftari yote kwa upenyo wa mlango kama ilivyo kawaida ya ukaguzi, na bibi akayapokea na kuyaweka mapajani mwa mwalimu wa mafunzo. Na bibi, kwa kuwa siku ilikuwa njema na wageni wamefurahi, akataka naye aseme sifa yake.

"Na huyu mwanangu, wanangu," akawaambia, "eda ameikaa. Si kama hizi za siku hizi. Tangu siku aliyokufa marehemu hajakanyaga kizingiti cha mlango ule. Hata siku moja."

Mwalimu wa mafunzo alikuwa ameshalifungua daftari. Aliinua macho.

"Hata siku moja, Bi Mkubwa?"

"Hata moja."

"Hata kwenda skuli?"

Bibi aliona ametukanwa. "Kizuka aende skuli?"

Yule mwanamke akalirudia daftari. Akafungua kurasa nyuma, kwa utulivu, moja moja, miezi yote minne. Jina la dada, saa moja na nusu. Jina la dada, saa moja na nusu. Jina la asubuhi ile ile lilikuwepo. Wino wake haujafifia.

Akamwuliza dada nani aliyeandika.

"Mimi," akasema dada. "Nilikuwa nikiletewa daftari huku ndani, nnaandika."

"Nimesahihisha maandishi yako miaka miwili. Huu si mkono wako."

"Ni wangu."

"Na watoto nani alikuwa akiwasomesha?"

Dada hakunitazama. Laiti angenitazama. Alisema kwamba watoto walikuwa wakikaa na kazi aliyowapa, na Mwalimu Mkuu hakujua, alidhani anatoka. Nje kwenye baraza tulimsikia Mwalimu Mkuu akikohoa. Alikuwa na watoto wengi na mkewe mgonjwa; kikohozi chake nilikielewa. Akabaki kule kule nje.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Vidole vyangu viwili vilikuwa na wino. Mwalimu wa mafunzo alivitazama, kisha akanitazama usoni, akangoja. Alingoja kwa muda wa kutosha.

Mkaguzi akauliza kuna nini, akaelezwa kwa Kiingereza. Niliona jinsi uso wake ulivyofungwa. Alimwambia dada jambo moja tu, kwamba angeliandikiwa mapema lingepatikana la kufanya. Akavaa viatu.

Barua ya kumnyima cheti ilifika dada akiwa bado na siku tatu za eda. Hakunyimwa kwa sababu ya somo. Ilisema wazi kwamba ufundishaji wake umeridhisha, ila mtu aliyetia mahudhurio ya uongo hawezi kuaminiwa darasa, wala hatakubaliwa tena katika mafunzo. Dada alinisomea mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa ile sauti ya kufundishia. Kisha akazimaliza zile siku tatu, akakogeshwa, akavishwa nguo za rangi, tukarudi mjini.

Darasa la wanawake lilifungwa. Yule mtoto mkubwa aliolewa kabla ya msimu wa karafuu uliofuata, na niliambiwa alifia katika uzazi wa kwanza. Mwalimu Mkuu alibaki kazini. Alimletea dada kikapu cha ndizi mjini mara mbili, akikiacha mlangoni, na mara ya tatu dada alisema kirudishwe.

Siku moja alipita kwetu sheikh aliyekuwa akisomesha Kurani watoto wa mtaa, akakuta bibi akihadithia habari hizi kwa wageni. Akasikitika. Akasema mjane mwenye kazi ya kujitafutia riziki ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja yake, alimradi arudi alale nyumbani kwake; angeulizwa, angelisema. "Mngekuja mkauliza," akasema. Bibi aliendelea kumenya viazi. Hakulitaja jambo hilo tena mpaka kufa kwake, na sisi hatukumkumbusha.

Dada alishona kofia. Alishona vizuri, na watu wakaja kutoka mbali kuagiza kwake. Hakuolewa tena. Mlango wa mwalimu wa mafunzo ulikuwa mbele ya wetu, na asubuhi alipokuwa akitoka na mikoba yake kwenda kuwafundisha walimu wengine, dada alikuwa akiondoka dirishani. Miaka ilipita wakasalimiana tena, salamu za njiani. Wanangu mimi walijifunza hesabu kwa dada, uani, kwa njiti. Akijua anasikika alikuwa akinyamaza.

Alikufa kabla ya kufika miaka hamsini. Katika ugonjwa wake nilimlaza, nikamkogesha, nikamlisha, na kila siku nilisema leo ntamwambia. Nimwambie nini, naye alikuwepo? Hakuniuliza hata mara moja kwa nini siku ile sikufungua kinywa.

Sasa nimebaki mimi. Wale kumi na tisa sijui wangapi wako hai; wawili nimewaona katika miaka hii, wengine nasikia wako Nungwi, Chukwani, na mmoja Pemba. Kama mmoja wenu amesomewa haya na akaona nimekosea mahali, siku au mpangilio wa mambo, au nani alikaa wapi, basi anisahihishe, asinionee haya kwa uzee wangu. Na hasa nyinyi mliokuwa mmebaki nyuma ya mlango wa ua, mkingoja kuruhusiwa kurudi, mkichungulia kama watoto wanavyochungulia. Mimi nakumbuka kwamba nilisimama na sinia na sikusema kitu. Lakini imepita miaka mingi, na mtu husahau. Kama yupo aliyenisikia nikisema kwamba mkono ule ulikuwa wangu, hata kwa sauti ndogo, hata kama hakuna aliyejali, naomba aje anambie.